Juu ya Mapenzi Yasiyodumu, na Woga wa Kujulikana



Katika sharika zetu neno moja lanenwa mara kwa mara na wazee, nalo ni hili: vijana wa siku hizi hawajui kupenda, wajua kuonja tu. Leo kijana aonekana na huyu, baada ya miezi mitatu yuko na yule. Uchumba waanza bila mshenga wala barua ya posa, nao wavunjika bila kikao. Wengine wakaa nyumba moja miaka mingi, wakazaa watoto, wala hawaendi kwa mchungaji wala bomani. Na watu wameupa ukaaji huo jina la dhihaka, uchumba sugu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, hata watu wakawahesabu kuwa mume na mke, basi hudhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine. Lakini dhana ya sheria si ahadi ya moyo. Wapo waliokaa miaka 10 katika hali hiyo, na kila mmoja wao bado ameweka sanduku lake karibu na mlango.

Wazee wakiulizwa sababu, hujibu upesi: ni tamaa. Na sisi tunaofundisha twajibu vivyo hivyo, tena kwa sauti kuu. Mimi sikatai kwamba tamaa iko. Ilikuwako tangu zamani, na mababu zetu hawakuwa malaika. Lakini nataka kushindana na jibu hilo, kwa maana latufanya tutibu ugonjwa usio wenyewe. Tamaa humfanya mtu akaribie. Haielezi kwa nini akimbie. Mwenye tamaa tupu angekaa pale alipo maadamu anapata anachokitaka. Lakini hawa huondoka hasa wakati mambo yanapoanza kuwa mazuri: siku ile binti anapouliza habari za mama wa kijana na kwa nini hamtaji kamwe, au siku ile kijana anapomkuta binti akilia naye asigeuze uso. Hapo ndipo simu hunyamaza. Basi nasema kwamba iko sababu iliyo kubwa kuliko tamaa, nayo ni woga. Tena si woga wa kuachwa tu, bali ni woga wa kujulikana.

Neno hili halipendezi. Kijana huvumilia kuitwa mzinzi kuliko kuitwa mwoga. Jina la kwanza wengine hulichukua kuwa sifa wakiwa kijiweni. Labda ndiyo sababu tumelizoea mno lile jibu la tamaa: aliyekosa na anayemkemea wote wawili hulipokea bila kuumia sana.

Nitatoa mfano wa mtu ambaye ni vigumu kumshitaki kwa tamaa. Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, ambako kanisa ni la Kilutheri kama letu, alikuwako kijana jina lake Søren Kierkegaard, aliyezaliwa mwaka 1813. Alisoma elimu ya dini, akashinda mtihani wake mwaka 1840, na mwezi Septemba mwaka uo huo akamposa binti aitwaye Regine Olsen. Yeye alikuwa na miaka 27, binti miaka 18. Regine akakubali, na baba yake akakubali. Kizuizi hakikuonekana hata kimoja: kijana alikuwa na elimu, alikuwa na mali aliyoachiwa na baba yake, na wote wawili walipendana kweli. Lakini siku ya pili yake, kama alivyoandika mwenyewe katika daftari zake, alijiona amekosea. Mwezi Agosti mwaka 1841 akamrudishia binti pete. Regine hakukubali kuachwa hivi hivi. Na baba yake, mtu mwenye heshima zake, akajishusha akamsihi kijana. Ndipo Kierkegaard alipofanya neno la ajabu. Kwa muda wa miezi miwili alijifanya mtu baridi, mwenye dharau, asiyejali, ili Regine amchukie na kuona heri kumkosa. Mwezi Oktoba akauvunja uchumba kabisa, akaondoka kwenda Berlin.

Kwa nini? Vitabu vingi vimekwisha kuandikwa juu ya swali hili, wala mimi sijifanyi nimelimaliza. Yeye mwenyewe alitoa sababu zaidi ya moja. Lakini moja naiona kuwa nzito kuliko nyingine. Aliandika kwamba kama angalimwoa Regine kwa haki, pasipo kumficha neno, ingalimpasa kumfunulia mambo ya kutisha: habari zake na baba yake, huzuni kuu ya mzee yule, na usiku uliokuwa ndani yake mwenyewe. Kuoa na kuficha aliona ni udanganyifu. Kuoa na kufunua aliona hakuwezekani. Basi akaishika njia ya tatu, akakimbia. Tena mwaka 1843 aliandika kwamba kama angalikuwa na imani, angalikaa na Regine. Angalieni vizuri: hakusema kama angalikuwa na upendo zaidi. Upendo alikuwa nao, na ulimtesa mpaka kufa kwake. Alichopungukiwa ni kuamini kwamba mtu aweza kumwona jinsi alivyo, akabaki.

Wapo wasemao kwamba kama angalioa tusingalipata vitabu vyake vilivyompa jina duniani. Huenda. Lakini Regine hakuulizwa kama yu radhi kuwa bei ya vitabu.

Na hapa ndipo naona uovu wa jambo lenyewe ulipo, nanyi wasomaji mnivumilie nikikaa hapo kidogo. Mwenye woga wa namna hii hujihesabu kuwa mwema. Husema moyoni, Namkinga asijue ubaya wangu. Yeye astahili aliye bora kuliko mimi. Maneno hayo yana sauti ya unyenyekevu. Lakini yachunguzeni ndani yake. Amekwisha kumhukumu mwenzake bila kumsikiliza: ameamua peke yake kwamba, akinijua, ataniacha. Hakumpa nafasi ya kujua, wala ya kuchagua, wala ya kukataa. Regine alimpenda mtu, na yule mtu hakumjia kamwe. Aliyemjia kwanza ni mchumba mwenye maneno mazuri, kisha mtu mwenye dharau ya kuigiza, na wote wawili walikuwa vifuniko. Mwenye kuiba ng'ombe huacha angalau kamba. Huyu huondoka hata na ile kweli ambayo mwenzake angeweza kuijibu. Adamu naye alipoitwa alijificha katikati ya miti, na sababu aliyoitoa ilikuwa woga. Lakini yeye aliitwa kwa jina na mwisho alitoka. Wengi wetu twaitwa, twatulia kimya nyuma ya mti, tukitumaini kwamba anayetuita atachoka.

Woga huu huanza wapi? Sehemu ya jibu ilianza kutafutwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1954 mwanamke mtaalamu aitwaye Mary Ainsworth alifika Uganda, akazitembelea nyumba 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawaangalia akina mama na watoto wao wachanga, jinsi mtoto anavyomfuata mama kwa macho, anavyotambaa kwenda mbali kidogo na kurudi. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967. Baadaye katika mji wa Baltimore, Marekani, aliwajaribu watoto wa umri wa kama mwaka 1: mama hutoka chumbani dakika chache, kisha hurudi. Watoto wengi walilia au kumtafuta mama, na aliporudi walimkumbatia, wakatulia, wakarudi kwenye vitu vyao vya kuchezea. Wengine walilia wasinyamazike hata mikononi mwake. Lakini walikuwako watoto ambao mama alipotoka hawakulia, na aliporudi waligeuza uso, wakaendelea na mchezo kana kwamba hakuna aliyeingia. Mtu angedhani hao ndio wenye nguvu. Mwaka 1977 wataalamu wengine wawili, Sroufe na Waters, walionyesha kwa kupima mapigo ya moyo kwamba mtoto yule aliye kimya moyo wake wapiga mbio kama wa wenzake. Alikuwa amejifunza kutouonyesha.

Mwaka 1987 Hazan na Shaver, huko huko Marekani, waliwauliza watu wazima kwa njia ya gazeti wajichague katika maelezo matatu yaliyofanana na hali za watoto wale, lakini juu ya mapenzi. Kama robo ya waliojibu walichagua neno la kwamba hawaoni raha mtu akiwakaribia sana. Hayo ni majibu ya watu wa mji mmoja wa mbali, wala siyapimi juu ya vijana wa Moshi au Bukoba. Tena mtu asizichukue habari hizi akaenda kumlaumu mama yake. Watoto wetu hulelewa na bibi, na shangazi, na dada wakubwa, na majeraha yao yana njia nyingi. Mmoja alizikwa baba akiwa darasa la pili, wala hakuna aliyemwambia neno ila kwamba wanaume hawalii. Mwingine alimsadiki mtu mara moja, siri zake zikasomwa kwa kicheko na kijiji kizima. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yule tunayemwona ana wachumba watano kwa mwaka huenda ni mtu anayeshtuka mara tano.

Basi kwa nini zamani hawakukimbia hivi? Walikimbia, ila safari ilikuwa na gharama. Uchumba ulikuwa na mshenga wa kukabiliwa, na mahari ya kurudishwa, na wajomba wa kuulizwa maswali wameketi. Hata Kierkegaard alilazimika kumsikiliza baba wa binti akimsihi. Siku hizi kijana abonyeza kioo kwa kidole, na namba ya mwenzake imezuiwa. Tangu mwaka 2014 simu zenye WhatsApp huonyesha alama mbili za buluu ujumbe ukisha kusomwa. Basi binti ajua kwamba maneno yake yamesomwa, naye hajibiwi, wiki nzima, mwezi mzima. Hajafiwa, wala hajaachwa kwa neno. Hana hata la kumwambia mama yake. Tena mwaka 2012 ilitokea huko Marekani programu iitwayo Tinder, ambayo ndani yake watu hupitisha picha za watu kwa kidole, huyu nampenda, huyu simtaki, kama mtu achaguaye nyanya sokoni. Na ijapokuwa wengi wetu hatuitumii, fikra yake imetufikia, ya kwamba daima yuko mwingine. Simu haikuuumba woga. Iliupunguzia nauli.

Hapo mzee mmoja atanijibu: Vema, basi na turudi kwa mshenga. Mimi namheshimu mshenga, na natamani kazi yake isife. Neno la mtu wa tatu huwazuia wawili wasidanganyane kwa urahisi. Lakini tusijidanganye juu ya ndoa za zamani. Nyingi zilidumu kwa sababu ng'ombe walikwisha kuliwa na mbege kunywewa, wala mlango wa kutokea haukuwako. Kudumu si kujuana. Ziko nyumba za miaka 40 ambamo mume hula sebuleni na mke hula jikoni, naye mume hajui hata leo ni mtoto yupi katika wale waliokufa ambaye mkewe bado humlilia. Hao nao walikimbia, wakiwa ndani ya nyumba moja. Kama kuna uchumba sugu, iko pia ndoa sugu, nayo haitangazwi na mtu kwa kuwa vyeti vyake vyote ni safi.

Kwa hiyo vijana wakituambia kwamba hawataki ndoa kama za wazazi wao, tusiwajibu kwa hasira kabla ya kuwauliza waliona nini.

Sasa nitoe habari za Martin Luther, si kwa kuwa sisi twajiita kwa jina lake, bali kwa kuwa naye alikuwa na sababu za kuogopa. Mwezi Novemba mwaka 1524 aliandika kwamba hana nia ya kuoa, maana kila siku angojea kuuawa kama mzushi. Alikuwa amekuwa mtawa miaka mingi. Hata hivyo tarehe 13 Juni mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora, mtawa aliyetoroka nyumba ya watawa miaka 2 kabla. Yeye alikuwa na miaka 41, Katharina 26. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake pasipo kupamba neno, kwamba hawaki moto wa mapenzi, ila ampenda mkewe na kumthamini. Baadaye alizoea kusimulia jinsi katika mwaka wa kwanza mtu huamka, akaona kando yake misuko ya nywele ambayo hapo kwanza haikuwako, akashangaa. Nampenda Luther kwa maneno hayo kuliko kwa mengi aliyoyasema kwa ukali. Hakungoja moyo utulie ndipo aingie; aliingia na moyo wake ulivyo, kisha akaonekana: na ugonjwa wake wa mawe ya figo, na hasira zake, na siku zake za huzuni nzito, ambazo Katharina alizijua kuliko mtu yeyote Wittenberg. Walizaa watoto 6. Elisabeth alikufa akiwa mchanga mwaka 1528. Magdalena alikufa mwaka 1542, binti wa miaka 13, mikononi mwa baba yake. Mwanzoni mwa mwaka uo huo wa 1542 Luther aliandika wasia akimwachia Katharina mali yake, kinyume cha desturi ya sheria ya nchi ile.

Kierkegaard naye aliacha wasia. Regine alikuwa ameolewa mwaka 1847 na Johan Frederik Schlegel, aliyekuwa mwalimu wake zamani. Mwaka 1849 Kierkegaard alimpelekea Schlegel barua, na ndani yake barua nyingine iliyofungwa ya Regine, akimwachia mume hiari ya kumpa au kutompa. Nayo ikarudi haikufunguliwa. Mwaka 1855 Schlegel alitumwa kuwa gavana wa visiwa vya Denmark katika bahari ya Karibi. Siku ya safari Regine alimtafuta Kierkegaard njiani mjini, akamtakia baraka kwa maneno machache, akapita. Mwezi Novemba mwaka huo huo Kierkegaard alikufa, na ikaonekana ameandika kwamba alichonacho chote apewe Regine, kwa kuwa kwake uchumba ulikuwa kifungo sawasawa na ndoa. Regine hakuipokea mali hiyo. Alipokea barua na vitu vichache. Miaka 14 aliyemwacha alijihesabu kuwa mumewe, naye hakuambiwa.

Yanibaki maneno mawili kwa wainjilisti. La kwanza, kuna woga ulio wa haki. Binti aliyepigwa na mchumba wake akamkimbia, huyo hana ugonjwa, ana akili; wala mtu asiitumie karatasi hii kumrudisha. Vilevile kuvunja uchumba si dhambi. Wakati wa uchumba umewekwa ili watu waangaliane, na anayeona haiwezekani, akaenda akasema uso kwa uso na kutoa sababu yake ya kweli, amemheshimu mwenzake kuliko yule aoaye huku amejifunika.

La pili ni juu ya mafundisho ya ndoa. Twawauliza wachumba habari za ubatizo na kipaimara, twauliza mahari imefika wapi, na katika sharika nyingi twataka cheti cha kupima damu. Haya yote ni mema. Naomba tuongeze swali moja, naye kila mmoja aulizwe peke yake: Ni neno gani mwenzako hajalijua bado, nawe waogopa alijue? Mwinjilisti asitake kulisikia neno lenyewe, wala lisisemwe mbele ya wazee wa kanisa, maana twajua jinsi habari zitembeavyo katika usharika kabla ya ibada ya pili. Awaambie tu waende wakaambiane wenyewe, nao wapewe wiki tatu kabla tangazo la kwanza halijasomwa. Na wakirudi, mmoja wao akasema hataki tena kuoa, yule aliyeachwa asichekwe kwaya ikikutana, wala jina lake lisiwe hadithi kisimani. Na aliyesema neno lake wazi asiondolewe katika chama cha vijana.